Simu Aliyoipokea Baba Yako

Mwanangu Nyokabi,

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usilazimike kubandika karatasi puani, ndiyo maana barua hii imekula nusu ya daftari. Isome polepole, na uisome ukiwa peke yako.

Saa hii ni alasiri. Wewe umeenda mtaa wa Rhonda, Nakuru, kuagana na dada yako Wanjiku. Baba yako yuko nje anakaza gurudumu la sanduku lako, namsikia akigongagonga. Kesho saa kama hii utakuwa umefika chuoni Machakos. Sitakuandikia mambo ya dawa, wala ya kukimbilia hospitali kichwa kikiuma pamoja na kutapika. Hayo umeyajua tangu ukiwa na miaka minane, na siku hizi ni wewe unayenikumbusha mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya faili. Ile faili ya kahawia ya hospitali nimeibeba mimi miaka yote, lakini kesho utaibeba wewe, maana madaktari wa huko wataihitaji. Najua simu yako inaweza kusoma karatasi kwa sauti. Na najua wewe ni mtu wa kutaka kujua. Siku moja utakaa kitandani uisomeshe faili nzima tangu mwanzo. Kwenye ukurasa wa tatu kuna mstari ulioandikwa kwa kalamu nyekundu, kisha ukakatwa kwa kalamu ya bluu. Jana niliutoa ukurasa huo nikaukunja. Nilikuwa peke yangu jikoni na moto ulikuwa unawaka. Nikaukunjua, nikaurudisha mahali pake.

Mstari huo unasema umekufa. Nataka usikie kwangu kabla simu haijakusomea.

Ulizaliwa wa sita, na nyuma yako akaja Kariuki peke yake. Hapa Bahati tulikaa boma moja na Shosho yako, mama yake baba yako, pamoja na baba yako mkubwa Njoroge na familia yake. Geti moja, kisima kimoja, na watoto wakikimbizana kati ya nyumba tatu hata hujui yupi ni wa nani. Nilipokuzaa sikuona kitu. Ulikuwa mtoto wa kawaida, unanyonya vizuri, una hasira ukicheleweshwa. Ni Wanjiku aliyeona kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tano. Alikuwa akikuvisha kofia aliyokufumia mwenyewe, akasema, "Mama, kofia ya Nyokabi haiingii, na juzi ilimtosha."

Nikamwambia ni uzi umejikunja baada ya kuoshwa.

Haukuwa uzi. Ulipofika miezi mitatu, ngozi ya kichwa chako ilikuwa inang'aa na mishipa imejitokeza, na macho yako yalikuwa yanateremka chini hata nikikuita nikiwa nimesimama juu yako. Nesi wa zahanati alikupima kichwa kwa tepu, akaandika, akapima tena. Hakuniangalia usoni. Akanituma hospitali kubwa ya Nakuru.

Huko daktari mmoja kijana alinieleza kwa utaratibu. Alisema kichwa cha kila mtu kina maji yanayozunguka ubongo, na maji hayo yana njia ya kutokea. Njia yako ilikuwa imeziba. Wangekuwekea mrija mwembamba chini ya ngozi kutoka kichwani hadi tumboni, huo unaoupapasa nyuma ya sikio ukiwa na mawazo. Lakini daktari wa upasuaji huo alikuwa anakuja kwa zamu, na watoto waliomngoja walikuwa wengi. "Tutawapigia nafasi ikipatikana," akasema. "Tukipiga, mje siku hiyohiyo. Huyu asikae sana." Akaniuliza namba ya simu.

Mimi sikuwa na simu. Nikampa ya baba yako.

Wakati huo baba yako alikuwa fundi wa matairi kule Mai Mahiu, akiziba pancha za malori yanayoteremka kutoka juu. Alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumatatu alfajiri. Jumamosi hiyo nilimweleza yote, na kesho yake baada ya kanisa Shosho akatuita sote sebuleni kwake.

Alianza kwa maombi marefu. Halafu akasema, "Huyu mtoto ni wa Mungu. Mungu akitaka chake, hamtashindana naye kwa kisu."

Baba yako mkubwa Njoroge akaongeza, "Tumeona wa aina hii. Hata akipona atakuwa wa kulazwa tu. Nyinyi mna wengine watano wa kusomesha. Mfikirie hao."

Nilikuwa nimekupakata. Ndipo baba yako aliposimama. "Mtoto ni wangu," akasema. "Hospitali wakipiga simu, ataenda. Na sitaki kusikia tena maneno hayo hapa."

Siku hiyo nilimpenda kuliko siku ya harusi yetu. Nakuambia hivi ili ujue nilianguka kutoka urefu gani.

Tukaanza kungoja. Kila Jumamosi akiingia getini, kabla hata sijampokea mfuko, nilimwuliza, "Wamepiga?"

"Bado, Mama Wanjiku. Hospitali za serikali unazijua."

Miezi saba, Nyokabi. Kichwa chako kikawa kizito kuliko mwili. Sikuweza kukubeba mgongoni nikilima kwa sababu shingo haikushikilia, na sikuweza kukulaza peke yako kwa sababu hukuweza kujigeuza. Kila saa ilitaka mikono ya mtu. Dada yako Waceera alishona mto wenye shimo katikati, akaujaza maganda laini ya mahindi ili kichwa kisiote vidonda. Mwangi na Karanja walirudi kutoka shule mashati yameraruka kwa kupigana na watoto waliokuita majina. Walipangiana zamu za kukugeuza bila mimi kuwaambia, wakikosana ni zamu ya nani, si kwa kuikwepa, bali kwa kuigombania. Hao ndugu zako hawakuwa na siri yoyote juu yako. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Lakini mikono ya mchana ilikuwa ya Wanjiku. Alikuwa kidato cha pili, wa kwanza darasani kwa hesabu. Nilimwomba akae nyumbani muhula mmoja tu. Nilimwambia hivyo hivyo, "muhula mmoja tu," nikamshika mkono, nikaapa.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu nikianza na la baba yako nitajificha nyuma yake.

Kutoka Bahati hadi Nakuru si safari. Ningeweza kuamka asubuhi yoyote nikaenda kuuliza mwenyewe na nikarudi kabla ya watoto kutoka shule. Sikuenda. Kila wiki nilikuwa na sababu: viazi vinaoza shambani, mvua imekata barabara, Karanja anakohoa. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa hicho kisu kuliko alivyokiogopa Shosho. Baba yako aliposema "bado," kuna mahali ndani yangu palipopumua. Nilikuwa nakufunika kichwa kwa kitenge kanisani, nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, natoka kabla ya wimbo wa mwisho ili watu wasije kuangalia. Mtu aliyenidanganya alipata mtu aliyekuwa tayari kudanganywa. Imenichukua miaka mingi kuweza kuandika sentensi hiyo.

Asubuhi moja ulitapika mara tatu, halafu ukalala na hukuamka. Nilikuwa nimesimama juu yako nikipiga makofi kukuamsha. Wanjiku akaniambia, "Mama, tunaenda Nakuru. Usipoenda, naenda naye mimi."

Shosho alikuwa amesimama getini. "Mnampeleka wapi? Mwacheni aende akiwa kwao."

Wanjiku alimpita bila kumwamkia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtoto wangu akimpita mtu mzima hivyo, na jina la Shosho ndilo analobeba. Mzee aliyekuwa akipeleka maziwa mjini alituchukua kwenye pikapu yake. Wanjiku alikaa nyuma kati ya mikebe, akishika kichwa chako kwa mikono miwili njia nzima ili kisitikiswe.

Kwenye dirisha la kliniki, nesi alifungua kitabu kikubwa.

"Jina la mtoto?"

"Nyokabi Kamau, wa Bahati. Tuliambiwa tutapigiwa simu."

Akafungua kurasa, kidole kikishuka. Kikasimama. Akaniangalia, akakuangalia wewe. "Mama, una mtoto mwingine mwenye jina hili?"

"Hapana."

"Hapa imeandikwa alifariki."

Nikamwambia amekosea mstari. Akaenda kutoa faili yako, akaisoma, kisha akaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwaga kitu. "Tulipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza baba alisema mtakuja kesho yake, na hamkuja. Mara ya pili akasema mmeshamzika. Nafasi akapewa mtoto mwingine."

"Si baba," Wanjiku akasema. "Si baba yangu huyo. Mlipiga namba nyingine."

Nesi akatusomea namba. Wanjiku aliijua kwa kichwa. Alikaa chini pale pale kwenye simiti, wewe mapajani mwake, akaanza kulia bila sauti. Nesi akachukua kalamu ya bluu, akaukata ule mstari mwekundu kwenye faili, akaita watu wa machela.

Walikupasua siku ya pili. Daktari alipotoka alisema kichwa wamekisaidia na utaishi. "Macho ndiyo sina uhakika," akaniambia. "Maji yameukandamiza mshipa wa macho muda mrefu sana. Kama mngekuja tulipowaita..." Hakumaliza, na mimi sikumwomba amalize.

Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaniuliza kwa nini wenzako wanaona ubao na wewe huuoni. Nilikuambia ulizaliwa hivyo. Hukuzaliwa hivyo, Nyokabi. Ulizaliwa unaona. Nilipokuwa nakunyonyesha asubuhi ulikuwa unaacha ziwa kumwangalia kuku akipita mlangoni, na mimi nilikuwa nacheka.

Ulipoanza kunyonya tena, nilimwachia Wanjiku kitanda chako nikaenda Mai Mahiu. Sikuwa nimewahi kufika kazini kwa baba yako. Nilimkuta amekaa kwenye benchi na wenzake, wanakula. Kabla hajaniona, mmoja wao, aliyewahi kufika kwetu kabla hujazaliwa, aliinuka, akajipangusa mikono, akanijia na uso wa huruma. "Mama Wanjiku? Pole sana, mathe. Pole kwa yule mtoto. Tulisikia."

Wengine nao wakaacha kula. Mmoja akavua kofia.

Nilisimama pale nikapewa pole ya mtoto ambaye saa hiyo alikuwa Nakuru akinyonya. Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa amesema neno moja kwenye simu kwa hofu, halafu akalijutia. Alikuwa amelichukua akaishi nalo. Alikuwa ameomboleza na watu, akapokea mikono yao, kisha Jumamosi akarudi nyumbani kukushika huku akiniambia "bado."

Tangu nimjue nilikuwa namwita Baba Wanjiku. Siku hiyo nilimwita jina lake.

"Kamau. Ulimzika wapi?"

"Mama Wanjiku, twende kando."

"Nionyeshe kaburi."

Tukaenda nyuma ya marundo ya matairi. Alikuwa anaongea akiangalia viatu vyake. Akasema Shosho alimwambia kwamba akikubali upasuliwe kichwa na ufe, atakuwa amekuua kwa mkono wake. Akasema Njoroge alimwambia vivyo hivyo. Kwamba ilipopigwa simu ya kwanza alikuwa kweli amepanga kuja, akashindwa.

"Lakini ulisimama mbele yao," nikamwambia. "Mimi nilikuona."

"Nilisimama kwa sababu ulikuwa unaniangalia," akasema. "Simu ilipolia nilikuwa peke yangu."

Nikamwambia uko hai, umepasuliwa, na macho yameharibika. Alikaa juu ya tairi akafunika uso kwa mikono yenye grisi. Sikumshika bega. Nilirudi barabarani nikasimama peke yangu hadi nilipopata gari.

Utaniuliza kwa nini sikumwacha. Nilijaribu. Nilienda kwa mama yangu kule Subukia na wewe ukiwa na bandeji, nikakaa siku tisa. Mama yangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Na wale watano umewaachia nani?" Siku ya kumi nikarudi. Kariuki alizaliwa baadaye katika nyumba ambayo mimi na baba yake tulikuwa tunaongea juu ya mvua, ng'ombe na shule, basi.

Niliweka sharti moja: lisijulikane. Nilidhani nakulinda wewe. Hakuna mtoto anayepaswa kukua akijua baba yake aliwahi kumtaja marehemu. Lakini aliyelipa sharti hilo alikuwa Wanjiku. Alikuwa amesikia yote pale dirishani. Nikamwambia, "Usiwaambie wenzako." Alikuwa na miaka kumi na sita. Alikuwa anampikia baba yake chai, anamkabidhi kikombe kwa mikono miwili kama nilivyomfundisha, na hamwangalii.

Muhula mmoja ukawa mwaka. Ulikuwa na kliniki kila mara, halafu Kariuki akaja, halafu Wanjiku mwenyewe akaona aibu kukaa darasani na wasichana aliowatangulia. Sikumsukuma. Mikono yake ilikuwa inanifaa. Alipofika miaka kumi na minane alihamia Rhonda kujifunza cherehani, na hajawahi kulala tena hapa hata Krismasi. Wewe unadhani hapendi shamba. Mimi nasema baba yako alinisaliti, na ni kweli alinisaliti. Lakini siku Wanjiku atakapokaa chini kuandika barua kama hii, jina litakalokuwa ndani yake ni langu. Nilimwomba msamaha mara moja tu, kwenye simu, nikiwa na haraka. Aliniambia, "Sawa, Mama," na akaniuliza kama umekula.

Shosho alikufa ukiwa na miaka kumi. Ulimwimbia kaburini, ukalia mpaka ukatapika, tukaogopa ni mrija. Hakuwahi kusema neno juu ya yale. Nilikutazama ukimlilia nikauma midomo.

Na baba yako akabadilika. Hilo siwezi kulikana, na ndilo lililonisumbua kuliko yote. Aliacha kazi Mai Mahiu akafungua pale pa kuziba pancha hapa Bahati ili awe karibu. Alikupeleka shule kwa mkono kila siku hadi darasa la nane. Alijifunza kukunyoa akizunguka pale mrija unapopita, polepole, akikupulizia nywele shingoni. Ulipokuwa na miaka saba na mrija ukaziba ukiwa shuleni, ni yeye aliyekubeba mbio hadi barabara kubwa akasimama katikati ya lami hadi lori likasimama. Daktari alimwambia angechelewa saa moja tusingekuwa na mtoto. Alilia pale koridoni, watu wakamfariji. Mimi nilisimama kando nikisema moyoni, sasa umejua saa moja ni kitu gani. Sijivunii hayo. Lakini ndivyo nilivyokuwa nawaza, huku wewe ukiwa kwenye chumba cha upasuaji.

Nilikuwa nakuonea wivu kwake, au yeye kwako, sijui. Ukianguka ulimwita yeye. Ukipata alama nzuri ulimtafuta yeye kwanza. Nilihisi kama mtu aliyefanya kazi yote na mwingine akaitwa kupokea shukrani. Wakati mwingine nilikuwa mkali kwako bila sababu, kwa sahani, kwa kiatu. Haikuwa sahani. Naomba unisamehe kwa hizo sahani zote.

Hata hivyo ningeendelea kunyamaza, kama si Jumapili iliyopita. Ulikuwepo. Waumini walikuja kukuombea safari, na baba yako akasimama kutoa shukrani. Akasema, "Wengi walituambia tumwache. Lakini mimi na mama yake hatukukata tamaa hata siku moja." Watu wakapiga makofi. Ukaifuata sauti yake kati ya viti ukamkumbatia, na wewe unalia, na yeye analia. Mimi nilikuwa nimeshika sufuria ya wali. Niliiweka chini.

Miaka hii yote nimevumilia mengi. Nilivumilia uongo aliowaambia hospitali kwenye simu, na ule aliowaambia wenzake. Lakini huu alinisemesha na mimi. Alisema "mimi na mama yake." Alinitia ndani, mbele ya watu, akijua siwezi kufungua mdomo. Na uliyekuwa kifuani pake ukimshukuru ni wewe.

Leo asubuhi ulipoondoka nilimwambia, "Nitamwandikia Nyokabi."

Hakuuliza nitaandika nini. Alimaliza chai yake. Kisha akasema, "Acha nimwambie mwenyewe, kesho tukiwa njiani."

"Umekuwa na miaka kumi na tisa ya kumwambia."

"Atanichukia."

"Sijui," nikamwambia. "Mimi nimejaribu, na si kila siku naweza."

Akatoka nje. Nikadhani yameishia hapo. Baada ya kitambo alirudi mlangoni, hakuingia, akasema, "Usimwandikie kwamba mama yangu alinilazimisha. Andika kwamba maneno ya simu niliyasema mwenyewe." Kwa hiyo nimeandika. Alisema mwenyewe.

Sikuombi umchukie. Aliyekusimamishia lori ndiye huyohuyo aliyepokea simu, na mimi nimeshindwa kuwatenganisha miaka yote hii. Wewe una akili kuliko mimi, labda utaweza, labda hutahitaji. Ila usimsamehe haraka kwa ajili ya kunifurahisha, au kwa sababu umekumbuka jinsi anavyokunyoa. Jipe muda. Kasirika kama umekasirika. Katika nyumba hii hatukuruhusu mtu yeyote kukasirika kwa sauti, tukaita hiyo amani.

Na kitu kimoja nilichojifunza kwa gharama ya macho yako: mahali popote watakapokuuliza namba ya simu, toa yako. Usitoe ya mume, wala ya rafiki, wala yangu. Ukitaka kujua jibu, nenda mwenyewe dirishani ukaulize, hata kama unaliogopa. Na mtu akisimama kukutetea mbele ya watu, mshukuru, halafu tazama anachofanya akiwa peke yake. Sisemi usimwamini mtu. Mimi mwenyewe nimeshindwa kuishi hivyo. Kila asubuhi naamini chai aliyonikorogea.

Mpango ulikuwa baba yako akusindikize hadi Machakos. Baada ya haya, kupanga ni kwako. Ukimtaka yeye, nitawapikia nyote wawili na sitasema neno lolote la kuharibu. Ukinitaka mimi, nguo zangu nimezipiga pasi. Wanjiku naye nilimpigia baada ya baba yako kutoka. Nilimwambia ninachokuandikia, kwamba sasa hana tena siri ya kunitunzia. Kisha akasema anaweza kufunga duka lake la kushonea kesho akusindikize, na akasema, "Lakini mwache Nyokabi aseme mwenyewe."

Basi sema mwenyewe. Ukishaamua, tugongee mlango. Tutakuwa macho sote wawili.

Ni mimi mama yako, niliyechelewa.